Chumvi ya Sufuria Mbili

Fundi aliiona ile rangi Jumanne asubuhi, alipokuwa akimpima wifi yake gauni karibu na mlango. Hakuwa akiitafuta. Alikuwa ameinua uso amwambie wifi yake asimame wima, maana mtu aliyezoea kuinamia masufuria husimama amejikunja kama ndoano ya kabatini, na macho yao yakakutana. Weupe wa macho ya wifi yake haukuwa weupe tena. Ulikuwa rangi ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kile kinachofika kikiwa kwenye jora na harufu ya wanga.

Miaka arobaini ya ushonaji ilimfundisha kwamba rangi hudanganya ndani ya nyumba. Kitambaa unakitoa nje, juani, ndipo unakijua. Basi akamvuta wifi yake mkono hadi kizingitini, akijifanya anaangalia shingo ya gauni. Huko nje rangi ilizidi.

"Mbona unanikagua kama nguo ya mtumba?" wifi akauliza.

"Natafuta matundu," Fundi akasema, akacheka kidogo ili mwenzake acheke. Kisha akazungusha utepe kiunoni. Gauni hilo alilikata kwa vipimo vya miezi miwili nyuma, na sasa kiuno kilikuwa kimepungua inchi tatu. Mtu hapungui inchi tatu bila sababu.

Wifi huyu alikuwa dada wa marehemu mume wake. Alipikia shule ya bweni miaka thelathini na mmoja, na wanafunzi walimwita Kijiko, kwa sababu alitembea na kijiko kimoja mfukoni mwa aproni na hakuna sufuria iliyotoka jikoni kwake kabla hajaionja. Jina likamfuata hadi uzeeni. Yeye na Fundi waliishi nyumba moja, vyumba viwili vyenye ukuta mwembamba katikati, kila mmoja akisikia mwenzake akikohoa. Na kama vile kukaa pamoja hakutoshi, wakapata ugonjwa mmoja pia, baridi yabisi. Ugonjwa ulimkamata Kijiko magoti na viwiko. Fundi ulimkamata vidole, vikavimba kwenye vifundo na kujikunja kama mizizi ya tangawizi. Kwa miaka miwili cherehani yake ilikaa pembeni imefunikwa shuka jeupe, hata mgeni mmoja akauliza kwa sauti ya chini ni nani amefariki.

Ndipo chuo kikuu kilipotangaza kwamba kinatafuta wagonjwa wa baridi yabisi wa kuingia katika utafiti wa dawa mpya. Wako waliosema chuo kinatafuta watu wa kuwajaribia sumu. Kijiko akasema sumu au si sumu, yeye hushindwa kuinuka chooni, na mtu aliyefika hapo hachagui mlango wa kutokea. Wakaenda.

Katika ukumbi wa chuo walimkuta binti mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kueleza tu. Hakuwa daktari wala muuguzi. Madaktari waliandika mambo yao kwa lugha yao, kurasa kumi na mbili, naye akayashusha hadi mtu aliyeishia darasa la saba ayaelewe. Wagonjwa walimwita Mwelezaji. Alikuwa na chati kubwa ya michoro aliyoitundika kwenye msumari, na alieleza vizuri, hilo Fundi hakuacha kulisema hata baadaye.

Alichora sufuria mbili za maharage. Moja ina chumvi, nyingine haina, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Alisema mlaji mwenye njaa anaweza kusifia hata ile isiyo na chumvi, kwa sababu njaa yenyewe ni kiungo. Ndivyo ilivyo kwa dawa. Mtu akipewa kidonge na kuhudumiwa vizuri anaweza kujisikia nafuu hata kama kidonge ni unga mtupu. Ili chuo kijue kama ni dawa iliyosaidia au ni matumaini, nusu ya watu watapewa dawa na nusu watapewa vidonge vitupu vinavyofanana navyo kama mapacha. Kompyuta itapiga kura. Mgonjwa hatajua amepata kipi, daktari hatajua, yeye Mwelezaji hatajua. Jibu la kila mtu liko ndani ya bahasha iliyofungwa, nayo haifunguliwi mpaka mwisho, isipokuwa mtu amepata hatari.

Hatari yenyewe hakuificha. Dawa hii, alisema, kwa watu wachache inaweza kuumiza ini. Ukiona macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, mwili unawasha bila upele, usingoje tarehe yako. Njoo siku hiyo hiyo.

Wakaweka sahihi. Kila mmoja akapewa chupa yake yenye nambari, Fundi mia moja na kumi na nne, Kijiko mia moja thelathini na mbili. Vidonge viwili kila asubuhi.

Walipofika nyumbani Kijiko aliziweka chupa zote mbili juu ya meza, akazitazama muda mrefu, mikono imekaa kiunoni.

"Kwa hiyo mmoja wetu anaweza kula bila chumvi mwaka mzima, na huku anashukuru."

"Ndivyo alivyosema."

"Yule binti hajawahi kupika," Kijiko akasema. "Ukiwa na sufuria mbili, moja ina chumvi na moja haina, unafanya nini? Unazichanganya. Wote wanakula."

Fundi alikuwa mtu wa kusoma karatasi hadi mwisho, polepole, kidole kikifuata mstari. Alimwonyesha wifi yake ukurasa wa tisa, palipoandikwa kwamba mshiriki asimpe mtu mwingine dawa yake. Kijiko akauliza, yeye amekuwa mtu mwingine tangu lini? Mtu mwingine ni jirani. Wao wamezika pamoja, wamelea pamoja, hata chungu cha chumvi ni kimoja. Je, Fundi ataweza kukaa meza hii anakunjua vidole vyake huku anamtazama wifi yake akitambaa? Swali hilo lilimwingia Fundi kwa sababu hata yeye alikuwa amelifikiria njiani, ila kwa upande mwingine, kwamba huenda atakayetambaa ni yeye.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi, baada ya chai, Fundi alifungua chupa zote mbili. Alitoa viwili hapa na viwili pale, akavipanga kwenye visahani, kila kisahani kidonge kimoja kutoka kila chupa. Hakukosea hata siku moja. Ni yeye aliyempelekea Kijiko kisahani chake mkononi.

Na dawa ilifanya kazi. Mwezi wa pili vidole vya Fundi vilianza kunyooka. Mwezi wa tatu aliivua cherehani shuka lake, akaitia mafuta, akatunga uzi kwenye sindano bila kuomba msaada, kisha akakaa pale analia kwa aibu ya kufurahi kiasi hicho. Kijiko alianza kuinuka bila kushika ukuta. Kliniki waliulizwa kama wanakunywa vidonge vyao kila siku, wakajibu ndiyo, na kwa hesabu ya vidonge vilivyobaki walikuwa wakweli kuliko wote.

Hadi Jumanne ile mlangoni.

Fundi alipomwambia, Kijiko alisema ni maboga. Amekula sana maboga wiki hii. Alipoulizwa kuhusu mkojo akasema kwao mtu haulizwi mkojo wake na wifi. Lakini alikuwa anajikuna. Alijikuna mgongo kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe, na kupitia ukuta ule mwembamba Fundi alikuwa ameisikia sauti ya kucha siku nne, akadhani ni panya.

"Mficha maradhi," Fundi akaanza.

"Usinimalizie. Mwisho wake naujua."

Wakaenda siku hiyo hiyo, kama walivyoelezwa. Kijiko alilazwa katika hospitali ya chuo kabla ya saa sita. Damu ilichukuliwa chupa tano. Daktari wa utafiti, mtu mrefu mwenye kuongea kwa utaratibu, aliagiza bahasha ya mia moja thelathini na mbili ifunguliwe. Fundi alikuwa kwenye benchi la korido, mlango ukiwa wazi robo, akasikia karatasi ikichanwa. Kisha akasikia daktari akishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Alitoka kumweleza mwenyewe. Alisema mama asiwe na wasiwasi kuhusu dawa, kwa sababu mgonjwa wake alikuwa katika kundi la vidonge vitupu. Hajameza dawa hata moja. Kwa hiyo manjano haya yametoka kwingine. Siku iliyofuata picha ya tumbo ilionyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, naye daktari alikuwa na hakika kwamba mawe ndiyo yaliyoziba njia. Watampasua Jumatatu asubuhi. Yeye Fundi aendelee na vidonge vyake kama kawaida.

Fundi alisema asante. Alishangaa kulisikia neno hilo likitoka. Ndani yake alikuwa anahesabu: kidonge kimoja kila siku, miezi mitano, kutoka chupa yake yeye. Vidole vyake vilivyonyooka vilimwambia sasa kwamba chumvi ilikuwa katika chupa yake.

Alipoingia wodini, Kijiko alikuwa amekwishaelezwa na muuguzi, naye alikuwa amekwishaamua. Akamwashiria Fundi ainame.

"Utanyamaza," akasema kwa sauti ya chini. "Mawe wameyaona kwa macho yao. Wayatoe, mambo yaishe."

"Na kama si mawe?"

"Ukisema watakunyang'anya chupa. Mikono yako itarudi kuwa vile. Mimi nimeshapika vya kutosha, wifi. Wewe una nguo za watu kwenye meza."

Fundi alitaka kumkatalia. Lakini mkono wake mwenyewe ulikuwa juu ya shuka, vidole vitano vimenyooka, na alijikuta anavitazama. Akasema watazungumza kesho. Kesho wakazungumza mambo ya jirani. Kesho kutwa Kijiko alilala mchana kutwa, na alipoamka alimwita Fundi kwa jina la mama yake aliyekufa zamani, kisha akajirekebisha, akacheka. Muuguzi alisema ni homa ya hospitali. Macho yalikuwa yameacha rangi ya pamba. Yalikuwa rangi ya siagi.

Nyumbani kila kitu kilikuwa mahali pake, na hilo ndilo lililokuwa baya. Visahani viwili vilikuwa kwenye kabati, kimoja juu ya kingine. Jumapili asubuhi Fundi alifungua chupa yake, akatoa vidonge viwili, vyote viwili vyake sasa, akavimeza. Alipoviteremsha kwa maji aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Akachukua kioo kidogo cha mkoba, akatoka nacho juani, akavuta kope zake moja moja. Hakuona kitu. Aliangalia tena. Kisha akaketi kwenye cherehani amalizie lile gauni la Kijiko. Akapunguza kiuno inchi tatu, na alipofika mwisho wa mshono mguu wake ukagoma kukanyaga. Alikuwa anamshonea mtu gauni la kiuno kile kwa sababu gani? Huyo mtu atalivaa akiwa amesimama au amelala?

Jumatatu aliwahi wodini saa kumi na mbili na nusu. Kijiko alikuwa amevalishwa gauni la kijani la upasuaji, mshono wake wa begani umekwenda kombo. Walikuwa wamemweka kwenye kitanda cha magurudumu, na mtu wa kusukuma alikuwa anasubiri karatasi itiwe sahihi. Fundi alimwinamia wifi yake. Kijiko alimtazama kwa macho yale ya siagi, akaona kilichokuwa usoni pake, akatikisa kichwa. Hapana.

Fundi akatoka koridoni.

Wa kwanza kumkuta hakuwa daktari. Alikuwa Mwelezaji, amebeba chati yake iliyoviringwa kwapani, anaelekea ukumbini kwenye kliniki. Akamwamkia kwa heshima, akauliza wifi anaendeleaje. Fundi akamshika mkono wa gauni, kwa nguvu ya vidole ambavyo chuo kile kilikuwa kimevifungua.

"Mwanangu, zuia kile kitanda. Wifi yangu amekula dawa."

"Mama, bahasha yake inasema..."

"Bahasha haikuwa mezani kwetu. Tulichanganya. Kidonge chake kimoja, changu kimoja, kila siku. Miezi mitano."

Mwelezaji hakuuliza mara ya pili. Aliiacha chati ianguke, akakimbia, viatu vyake vikapiga sakafu hadi mwisho wa korido. Fundi alisikia magurudumu ya kitanda yakianza kwenda, kisha yakasimama. Akasikia sauti ya daktari ikipanda. Baadaye bahasha ya mia moja na kumi na nne ikafunguliwa, na safari hii hapakuwa na pumzi ya kutuliwa mzigo.

Daktari alimwambia bila kuzunguka. Mawe yapo, lakini wazee wengi wana mawe na hawajui, nayo hayakuwa yamefanya lolote. Ini ndilo lililokuwa linaungua. Angempa usingizi wa kupasuliwa kwa ini lile, huenda asingeamka. Dawa lazima iachwe kabisa, kwa wote wawili, kuanzia saa hiyo. Akanyoosha mkono. Fundi akatoa chupa mkobani na kumkabidhi. Ilikuwa nyepesi, na bado aliona mkoba umebadilika uzito.

"Atapona?" akauliza.

"Tutasubiri. Ini likipata nafasi linaweza kujirudi. Linaweza pia lisijirudi. Siwezi kukudanganya, mama."

Mwelezaji alikuwa ameketi kwenye benchi, chati yake magotini. Alionekana mdogo kuliko Fundi alivyomdhania. Akauliza polepole, si kwa hasira, ni nani aliyewapa wazo la kuchanganya.

"Wewe," Fundi akasema. "Sikulaumu, ulieleza vizuri. Ulituonyesha sufuria mbili, ukatuambia moja haina chumvi. Uliwaambia wapishi hivyo, mwanangu. Ulitegemea wafanye nini?"

Binti alifungua chati pale pale, akaitazama michoro yake mwenyewe. Sufuria mbili, mvuke umechorwa kwa mistari mitatu mitatu. Alisema, zaidi kwa nafsi yake, kwamba aliwaandikisha watu wa nyumba moja bila kufikiri, na kwamba mchoro huu ameuonyesha katika kumbi kumi na tisa. Kisha akaiacha chati kwenye benchi, akainuka.

Walikwenda ukumbini pamoja. Ilikuwa siku ya kliniki, mabenchi yamejaa watu waliokwisha kuwa kwenye utafiti. Mume na mke wameegemeana, mama na binti yake wameshika mkoba mmoja, ndugu wawili wanaofanana pua. Fundi alikuwa amepita mbele ya watu hao miezi mitano na hakuwa amewahi kuwahesabu wawili wawili. Wengi walikuwa wamekonda kwa namna ya kawaida ya wagonjwa. Mwanga wa dirisha haukufika mabenchi ya nyuma, na huko nyuso hazikuonekana vizuri.

Mwelezaji alisimama mbele bila chati. Alisema anataka kuuliza jambo moja, wala hakuna atakayefukuzwa wala kugombezwa. Akauliza ni nani hapa amewahi kugawana vidonge na mtu wa nyumbani kwake.

Mke akamtazama mume. Mtu akakohoa. Basi Fundi, ambaye alikuwa amekwishasema yote ya kusema, akainua mkono wake juu, wazi, vidole vyote vitano, ili wauone. Akaushikilia hapo. Benchi la mbele mkono mmoja ukapanda, wa yule mama. Kisha wa binti yake. Kisha wa ndugu mmoja, na mwenzake akamfuata bila kuinua macho. Ikaendelea kwenda nyuma, polepole, mkono baada ya mkono, hadi penye giza. Mwelezaji alianza kuhesabu kwa midomo, halafu akaacha, akatoa simu yake kumpigia daktari.

Siku zile zilizofuata hakukuwa na vidonge katika ukumbi ule, wala michoro. Waliitwa nyumba kwa nyumba, wakatolewa damu. Fundi alichukuliwa yake, wakamwambia ini lake ni zima, na hakujua aliweke wapi jibu hilo.

Kila asubuhi alikwenda wodini na kipande cha kadibodi. Alikuwa amefunga juu yake nyuzi tano alizozichagua juani, kutoka nyeupe, pamba, siagi, hadi ya rangi ya kiini cha yai, na mwisho moja ya hudhurungi ambayo hakutaka waifikie. Kijiko hakuwa amezungumza naye siku mbili za kwanza. Siku ya tatu alisema tu kwamba uji wa hospitali hauna chumvi, na muuguzi mmoja akacheka bila kujua amecheka nini.

Siku ya saba Fundi alimgeuza wifi yake uso kuelekea dirishani. Akashusha kope ya chini kwa kidole gumba, akasogeza kadi. Kidole cha shahada hakikukunjuka sawasawa asubuhi hiyo. Kilikuwa kimeamka kigumu, na cha kati nacho.

"Namba ngapi?" Kijiko akauliza.

"Nne."

"Jana?"

"Nne."

"Juzi?"

"Nne, wifi. Haijapanda."

"Haijashuka."

"Haijashuka," Fundi akakubali, na hapo kadi ikamponyoka, ikaangukia shuka. Alijaribu kuiokota. Vidole viliigusa, vikaisukuma, havikuishika. Akajaribu tena.

Kijiko alivitazama vidole hivyo kwa muda. Alitoa mkono wake chini ya shuka, umebaki mifupa, akaiokota ile kadi, akaiinua mwenyewe hadi kando ya jicho lake na kuishikilia pale, mbele ya mwanga.

"Haya, soma tena," akasema. "Na usinipunje."